Muulize Msafiri: Misri ya Julai, na mama ana miaka 68

Swali

Shikamoo Mama. Nimepata likizo ya siku 10 tu na zote zimeangukia Julai. Mama yangu alifundisha historia maisha yake yote ya kazi, na siku zote amesema hafi kabla hajaliona Bonde la Wafalme, kule Luxor walikozikwa Mafarao. Sasa ana miaka 68. Ana presha, inatulizwa kwa vidonge, na miguu yake bado mizima ila ngazi humchosha. Tutakuwa naye mimi, mke wangu na kijana wetu wa miaka 12, ambaye amesoma habari za jua linaloingia hadi ndani kabisa ya hekalu la Abu Simbel na hataki kusikia kingine. Mpango wangu ni huu: Cairo siku 2, treni ya usiku hadi Luxor siku 1, Aswan siku 1, Abu Simbel siku 1, Hurghada siku 2, kisha tumalizie Alexandria. Mke wangu anasema kumpeleka mama Misri mwezi wa saba ni kumtafutia maradhi. Je, tuahirishe?

*Baba wa kijana mmoja*

Jibu

Marahaba mwanangu. Usiahirishe. Mama wa miaka 68 ambaye magoti yake bado yanamtii hapaswi kuambiwa asubiri tena mwaka mwingine. Lakini mkeo naye yuko sahihi kuhusu mpango ulioandika. Ukiufuata kama ulivyo, safari itakwisha siku ya nne, mama akiwa kitandani hotelini na nyinyi mmekaa kumwangalia.

Tuanze na joto lenyewe. Kwa wastani, mchana wa Julai hufika nyuzi 30 hivi Alexandria, 35 Cairo, na 41 Luxor na Aswan. Huo ni wastani tu, zipo siku zinazopita hapo. Juni 2024 Aswan ilikaribia nyuzi 50. Tena hewa ya Luxor kiangazi ni kavu sana. Jasho hukauka kabla hujaliona, nguo hazilowi, na mgeni hudhani mwili wake haupotezi maji. Nimeongoza wageni Luxor miaka mingi, na walionitia hofu zaidi si wale waliolalamika joto. Ni wale waliosema, "Mbona si kali kama nilivyotishwa?" kisha saa moja baadaye wakawa hawajibu vizuri wakiulizwa jina la hoteli yao.

Mwili huzoea joto, ila huhitaji siku 7 hadi 14, na siku za mwanzo ndizo za hatari. Wewe umepanga kumtoa mama kwenye ndege na kumfikisha Luxor siku ya tatu, tena baada ya usiku mzima wa treni, halafu upumzikie baharini mwishoni. Ugeuze mpango wote. Panda joto kama mtu anavyopanda ngazi: Alexandria kwanza usiku 3, Cairo usiku 2, Luxor usiku 3, na usiku wa mwisho Cairo karibu na uwanja wa ndege. Hurghada iache, maana bahari mtakuwa mmeshaiona. Aswan iache pia, ingawa inaniuma kuandika hivyo kwa sababu ni mji ninaoupenda kuliko yote ya Misri.

Abu Simbel ndiyo nitakayoisemea zaidi, kwa ajili ya kijana. Kutoka Aswan ni kama kilomita 280 za jangwa tupu, saa tatu na zaidi kwenda na muda kama huohuo kurudi. Magari huondoka usiku wa manane au alfajiri, watu wakatembea kwenye mahekalu jua likiwa limeshapanda, kisha wakarudi katikati ya mchana. Kwa mama yako siku hiyo peke yake ingekula nguvu za siku tatu. Na mwambie kijana leo, kabla hajafunga begi: jua huingia hadi kwenye sanamu za ndani siku mbili kwa mwaka, tarehe 22 Februari na 22 Oktoba. Julai haliingii. Akitaka kujua kwa nini hekalu liko pale lilipo sasa, msomeeni jinsi lilivyokatwa vipande na kuinuliwa mita 65 kati ya 1964 na 1968, ili maji ya bwawa la Aswan yasilizamishe. Atakuwa na sababu nzuri ya kurudi Oktoba akiwa mkubwa.

Sasa saa. Hapa ndipo safari ya kiangazi hufaulu au huharibika. Tangu 2023 Misri husogeza saa mbele kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwisho wa Oktoba. Kwa hiyo Luxor mwezi wa Julai jua huchomoza kama saa 12 asubuhi, hufika utosini karibu saa 7 mchana, na joto hufika kileleni kati ya saa 9 na saa 10 alasiri. Wageni wengi hulala mchana vizuri tu, kisha hutoka saa 10 wakidhani jua limepoa, na hapo ndipo wanapokuta joto likiwa kali kuliko saa zote. Kanuni niliyowapa wageni wangu haikuwa na mjadala: mnatoka kukiwa bado na giza, mnarudi chumbani kabla ya saa 5 asubuhi, mnakula, mnalala na mapazia yamefungwa, na hamtoki nje tena hadi saa 12 jioni. Wamisri wenyewe ndivyo wanavyoishi kiangazi. Nenda Cairo saa 5 za usiku mwezi wa saba, utakuta watoto wadogo bado wako kwenye bembea na bibi zao.

Alexandria mtaifikia kwa treni kutoka Cairo, safari ya saa mbili na nusu hadi tatu. Hoteli wekeni mapema, kwa maana Julai na Agosti familia za Cairo hukimbilia huko kupunga upepo na vyumba vizuri huisha. Mchana mpelekeni mama maktaba kuu, Bibliotheca Alexandrina, iliyofunguliwa 2002 kuenzi ile ya kale. Kuna ubaridi na viti, naye mwalimu wa historia atakaa humo bila kuombwa. Jioni mtembee hadi ngome ya Qaitbay, iliyojengwa miaka ya 1470 mahali uliposimama mnara wa taa wa kale. Siku hizo tatu msizidharau kwa sababu hazina piramidi. Ndimo mama anapojifunza kunywa maji kabla ya kiu.

Cairo, asubuhi ya kwanza iwe ya mji wa Giza, kwenye piramidi. Fikeni lango linapofunguliwa, tazameni piramidi na Sphinx, ile sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu, na jua likianza kuuma ingieni jumba la makumbusho, Grand Egyptian Museum, lililo karibu hapo, lililofunguliwa rasmi Novemba 2025. Tiketi zake nunueni mtandaoni mapema. Humo ndimo zilimo hazina za Farao Tutankhamun, vitu zaidi ya 5,000, na mashua ya mbao ya Farao Khufu yenye miaka zaidi ya 4,500. Kijana wako atasahau Abu Simbel kwa mchana mzima, hasa akiambiwa Tutankhamun alikufa akiwa kijana wa miaka 18 au 19. Mchana wa siku nyingine nendeni jumba la makumbusho la Fustat, National Museum of Egyptian Civilization, ambako miili 22 ya wafalme na malkia ilihamishiwa kwa maandamano ya usiku Aprili 2021. Mama yako amefundisha habari za Ramesses II. Hapo atasimama mbele ya uso wake. Mpeni nafasi, msimharakishe. Jioni ni ya mtaa wa al-Muizz, misikiti ya kale na taa.

Kwenda Luxor pandeni ndege, ni kama saa moja. Treni ya usiku ni nzuri na nimeipanda kwa furaha, lakini ni kama saa kumi, na mtu mzima aliyelala nusunusu hastahimili nyuzi 41 kesho yake.

Bonde la Wafalme hufunguliwa saa 12 asubuhi. Muwe langoni saa hiyo. Kuna vigari vya umeme vya kuwafikisha karibu na makaburi. Mama apande, kwenda na kurudi. Tiketi ya kawaida huruhusu makaburi matatu kati ya yaliyo wazi siku hiyo, na kuyachagua ndiyo kazi yako kubwa. Kwa mama nachagua la Ramesses IV: liko karibu, korido yake ni pana, inateremka polepole, na dari la chumba cha mwisho limechorwa Nut, mungu wa anga. La pili Ramesses IX, nalo liko karibu na njia. La Thutmose III ni la ajabu, lakini kulifikia ni kupanda ngazi za chuma ukutani mwa jabali kisha kushuka tena ndani, kwa hiyo huko aende kijana na baba yake huku mama amekaa kivulini na mkwewe. Kaburi la Tutankhamun lina tiketi yake ya pembeni. Ni dogo, hazina zimeondolewa, ila yeye mwenyewe bado yumo. Kama pesa inaruhusu, mama aingie. Aliyelisubiri bonde hilo tangu ujana asirudi bila kulitazama kaburi lililopatikana Novemba 1922 na ambalo bila shaka alilifundisha darasani.

Msidhani makaburini kuna ubaridi. Hakuna upepo mle, na pumzi za watu huacha unyevu mzito, kwa hiyo jasho ambalo nje lilikuwa likikauka sasa linamiminika. Dakika 15 kila kaburi, mkitoka mnakaa, mnakunywa, ndipo mnaingia lingine. Saa 3 na nusu muwe mmeshageuza gari.

Hekalu la Hatshepsut, malkia aliyetawala kama Farao, ni la asubuhi nyingine, nalo pia saa 12 kamili. Limetazama mashariki na nyuma yake kuna jabali refu lililopauka, kwa hiyo ukiliendea jua la asubuhi hukupiga mgongoni na jabali hurudisha joto usoni. Hekalu la Karnak nalo asubuhi, ila ni la huruma zaidi: ukumbi wa nguzo 134 una kivuli cha kutosha mtu kukaa chini na kutazama juu muda mrefu. Hekalu la Luxor lipo katikati ya mji na huwa wazi hadi usiku likiwa limewashwa taa. Hilo ndilo la jioni, na mama anaweza kulitembelea kila usiku akipenda.

Kuhusu presha. Kabla ya safari mama aonane na daktari wake na aulizwe jambo moja mahususi: je, kati ya vidonge vyake kuna cha kutoa maji mwilini? Vidonge vya aina hiyo pamoja na joto la Luxor vinaweza kuiteremsha presha hadi mtu akaanguka. Daktari ndiye aamue kama dozi ibadilishwe. Nyinyi msipunguze wala kuacha kwa akili yenu. Maji anywe kidogokidogo siku nzima, na ale, kwa sababu jasho hutoka na chumvi na maji matupu hayairudishi. Bebeni pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visirundikane.

Akisikia kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu: kivulini, miguu juu, anywe polepole, na siku hiyo imekwisha. Lakini akianza kuongea visivyoeleweka au ngozi ikawa ya moto sana, hicho ni kiharusi cha joto, nacho huua. Mpigieni gari la wagonjwa, namba 123, na msimsubiri mtu. Mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, wekeni barafu au vitambaa vya baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kama hajitambui, msimnyweshe chochote. Mkeo na kijana nao walijue hili, si wewe peke yako.

Mengine ni mepesi. Luxor kiangazi ni msimu wa wageni wachache, hoteli hushusha bei; tumia nafuu hiyo kuchukua chumba kizuri zaidi chenye friji, na uulize kwa maandishi kama kuna jenereta, kwa kuwa viangazi vya 2023 na 2024 umeme ulikatwa kwa zamu. Madirisha mengi ya tiketi za makumbusho na mahekalu hupokea kadi ya benki tu, kwa hiyo kuwa na kadi mbili, na noti ndogo za pauni za Misri kwa bakshishi. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi. Viza hutegemea pasipoti yako: wengine hupewa uwanjani, wengine mtandaoni, wengine ni lazima ubalozini wiki kadhaa kabla. Na anayetoka au kupitia kwa muda mrefu nchi yenye homa ya manjano huulizwa cheti cha chanjo.

Swali

Habari Mama. Ninaenda Misri Agosti na nina maumivu ya mgongo ya siku nyingi. Daktari hunipa tramadol. Pia natumia insulini. Nimesikia mambo ya kutisha kuhusu dawa uwanja wa ndege.

*Mwenye wasiwasi*

Jibu

Wasiwasi wako una msingi. Tramadol Misri ni dawa inayodhibitiwa kwa sheria kali, na wageni wameshafungwa kwa kuingia nayo. Usiiweke begini ukitumaini cheti cha daktari kitatosha. Mwombe daktari dawa nyingine ya maumivu kwa muda wa safari, na kama haiwezekani, uliza ubalozi wa Misri kwa maandishi kabla ya kununua tiketi. Usimbebee mtu mwingine pia, hata kama ni shangazi yako.

Insulini haina shida hiyo. Iwe na barua ya daktari, ndani ya pakiti yake, kwenye begi la mkononi na si lile linaloingia tumboni mwa ndege, ambako inaweza kuganda. Luxor na Aswan isiachwe garini hata dakika 10. Nunua kifuko cha kupoza kwa maji, na usiigusishe barafu moja kwa moja. Pima sukari mara nyingi kuliko kawaida yako, maana mwili wenye joto huichukua insulini upesi zaidi.

Swali

Shikamoo Mama. Mimi na rafiki yangu, wote wasichana, tunataka kuingia ndani ya Piramidi Kuu. Ni lazima? Na tuvae nini, kaptula zinaruhusiwa?

*Mabinti wawili*

Jibu

Marahaba wanangu. Si lazima. Ndani ni kupanda mmeinama kwenye njia ya karibu mita 40 ambayo kimo chake ni zaidi kidogo ya mita moja, kisha ukumbi mrefu wenye dari la mita 8 na zaidi, kisha chumba cha granite chenye jeneza tupu la jiwe. Hakuna michoro. Kiangazi hewa ni nzito sana. Mimi nauona ule ukumbi mrefu kuwa moja ya kazi kubwa za mikono ya binadamu, na kwa miguu yenu ya ujana ningesema ingieni, mkiwa wa kwanza asubuhi. Mwenye pumu au anayeogopa mahali pa kubana abaki nje bila kujisikia kakosa.

Kaptula hakuna atakayewakamata, lakini ziacheni. Suruali pana ya pamba au kitani na shati jepesi la mikono mirefu hukinga jua kuliko mafuta yoyote, huwapunguzia macho ya watu mitaani, na huwaruhusu kuingia msikitini bila kuazima nguo. Mtandio mmoja wa pamba kila mtu: uloweni maji, uwekeni shingoni. Viatu viwe vya kufunika vidole, mchanga wa saa 4 asubuhi unaunguza.

Swali

Tutapanda faluka, ile mashua ya tanga, pale Aswan. Tukiona joto limezidi, tunaweza kujitosa Nile?

*Wapenda maji*

Jibu

Faluka ndiyo, jioni, upepo wa kaskazini ukivuma. Hakuna kiti kizuri zaidi Aswan kwa wakati huo. Kujitosa hapana. Misri imekipunguza kichocho kwa kiasi kikubwa, lakini hakijatoweka, na kinashika zaidi penye maji yaliyotulia kando ya mto, hapohapo mtakapotaka kushukia. Mkondo wa katikati nao una nguvu kuliko unavyoonekana ukiwa juu ya mashua. Chagueni hoteli yenye bwawa la kuogelea, ogeleeni asubuhi mkitoka mahekaluni, na mtoni muende na nguo zenu kavu.